Acropora yangu imebanduka ngozi kwa siku tatu. Sasa nichague tumbawe gani?

Mjomba, shikamoo.

Nimekusoma tangu nilipokuwa na samaki wa maji baridi, na sikufikiri ingefika siku ya mimi kukuandikia. Miezi sita iliyopita nilihamia maji ya chumvi. Tangi langu ni la lita 120, lina mawe, mchanga, konokono kadhaa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, wale wanaopenda kujificha kwenye anemone. Hao wako salama. Nikikaribia kioo wanakuja kunipokea.

Ila nilichokitaka tangu mwanzo ni matumbawe. Tangi lilipofikisha miezi minne nikanunua kipande cha Acropora chenye matawi ya zambarau na ncha za buluu. Picha ya tumbawe hilo ndiyo iliyoniingiza kwenye ufugaji huu. Nilikiweka juu kabisa, karibu na taa. Wiki ya kwanza kilitulia. Wiki ya pili nikasafiri kikazi, na niliporudi nikakuta ngozi inabanduka kutoka chini kwenda juu, na pale ilipotoka pamebaki mfupa mweupe pe. Siku ya tatu hapakuwa na cha kuokoa.

Vipimo vyangu ni hivi: joto nyuzi 25, kalsiamu 430, nitreti 0, fosfeti 0. Alkali kabla ya safari ilikuwa 7.2, nikaona ni ndogo, nikatia unga wa kuipandisha ili nisiwe na wasiwasi nikiwa mbali. Niliporudi ilisoma 10.4.

Aliyeniuzia sasa ananiambia nianze na matumbawe laini. Rafiki yangu anasema laini ni magugu tu, nichukue yenye polipu kubwa, yaani vile vinywa vyenye minyiri. Mimi kusema kweli nayataka yote: kona moja laini, katikati polipu kubwa, juu yale ya matawi. Na nimeona jingine la rangi ya chungwa, limefumbuka kama jua, nikaambiwa halihitaji taa hata kidogo. Hilo si ndilo rahisi kuliko yote?

Mambo mawili ya mwisho. Kila mwezi nasafiri siku saba hivi, na anayebaki na tangi ni mdogo wangu wa kiume. Kulisha samaki anaweza, vipimo hataki hata kuvishika. Halafu huyo rafiki yangu alinipa jiwe lililojaa vimaua vidogo vya kijani na kahawia, vimebanana kama vifungo vya shati. Rangi yake siipendi. Mdogo wangu anasema tulichemshe, au tulisugue kwa maji ya moto, ili tubaki na jiwe safi. Sasa hivi liko kwenye ndoo.

Nichague aina gani?

Mpenda Zambarau

*

Marahaba, mpwa wangu.

Swali lako nitalijibu, lakini nenda kwanza kwenye ndoo. Jiwe hilo lisichemshwe, lisisuguliwe, lisimwagiwe maji ya moto. Mwambie mdogo wako sasa hivi, kisha urudi tuendelee.

Kwa ulivyovieleza, vimaua hivyo ni jamii ya Zoanthus au ndugu zake Palythoa. Ukiviacha vikae majini, mara nyingi havina shida na mtu. Tatizo ni kwamba baadhi yake, hasa Palythoa, hubeba palitoksini, moja ya sumu kali kabisa zinazotengenezwa na viumbe. Wanakemia waliitenga kwa mara ya kwanza huko Hawaii mwaka 1971, kutoka kwa Palythoa ambayo masimulizi ya wenyeji yanasema ilipakwa kwenye mikuki ya vita. Ukichemsha jiwe lenye viumbe hivi, sumu inapaa na mvuke na unaivuta. Ukisugua kwa brashi, matone yanakurukia machoni au yanaingia kwenye mkwaruzo mdogo wa kidole ambao hata hukuwa unaukumbuka. Watu wamewahi kulazwa kwa kusafisha mawe ya namna hii nyumbani, wao pamoja na watu wa nyumba yao ambao jiwe lenyewe hawakuligusa. Dalili ni homa na kutetemeka, kikohozi, kifua kubana, misuli kuuma, na ladha ya chuma mdomoni. Ikitokea, tokeni wote nje, nendeni hospitali, na mtaje palitoksini kwa jina, maana daktari hawezi kubahatisha kwamba ugonjwa umetoka kwenye tangi la samaki.

Vaa glavu na miwani ya kukinga macho, lirudishe jiwe kwenye maji ya chumvi, uliweke peke yake juu ya mchanga, mbali na mawe mengine, kama kisiwa. Au mrudishie mwenyewe likiwa ndani ya maji. Kisha unawe mikono vizuri. Ukiwa na mtoto mdogo ndani ya nyumba, mimi ningelirudisha.

Haya, tuje kwenye Acropora yako.

Watu wengi wakiona tumbawe jeupe husema limepauka. Lako halikupauka. Ndani ya nyama ya tumbawe huishi mwani wadogo sana ambao hulilisha kwa sukari wanayoitengeneza kutokana na mwanga. Kupauka ni tumbawe kuwafukuza wapangaji hao kwa sababu ya joto au mwanga uliozidi. Nyama hubaki, ila inakuwa kama kioo na mfupa unaonekana ndani yake. Tumbawe la hivyo likipata utulivu huweza kupona. Kwako nyama yenyewe ndiyo iliyoondoka, tena kuanzia chini. Hiyo ni namna ambayo Acropora hufa pale maji yanapobadilika ghafla, na ikianza huwa haisikii dawa. Kinachowezekana ni kukata ncha zilizo bado na uhai na kuziweka pengine, na hata hapo mara nyingi unakuwa umechelewa.

Ghafla yenyewe imo kwenye barua yako. Alkali, yaani akiba ya kabonati majini ambayo tumbawe hujengea mfupa, kutoka nyuzi 7.2 hadi 10.4. Bahari yenyewe iko kwenye 7 hivi, kwa hiyo ile 7.2 uliyoiogopa haikuwa na kasoro yoyote. Hebu tufanye hesabu. Tangi la lita 120 ukitoa mawe na mchanga linabaki na maji kama lita 100. Kupandisha alkali kwa nyuzi moja katika lita 100 kunataka gramu 3 za baikaboneti ya sodiamu. Kwa hiyo, kama unga wako ulikuwa huo, ulihitaji gramu 10 tu kufika ulikofika. Gramu 10 ni vijiko viwili vya chai! Ndivyo tangi dogo lilivyo: mkono ukiteleza kidogo, hali ya hewa yote inageuka. Mimi kwangu sipandishi zaidi ya nyuzi moja kwa siku, na kukiwa na Acropora ndani naishia nusu.

Nitreti 0 na fosfeti 0 nazo zimechangia, ingawa najua ulizitaja kwa fahari. Kipimo kikisoma sifuri, tumbawe linasoma njaa. Alkali ikiwa juu huku maji hayana virutubisho, ncha za Acropora huungua hata kabla ya jambo jingine lolote. Tena sifuri hizo ndizo zinazofungulia mlango ule utelezi wa kahawia wenye vipovu, unaotanda juu ya mchanga na usiotaka kuondoka. Lisha samaki wako zaidi kidogo. Nitreti iwe kati ya 5 na 15, fosfeti kati ya 0.03 na 0.1, uone mambo yatakavyotulia. Na tangi la miezi minne bado ni changa. Amonia inaweza kuwa imeisha zamani, lakini bakteria na mwani bado wanagombea nafasi kwenye kila jiwe, na Acropora haipendi kuishi katikati ya ugomvi huo.

Sasa kuhusu uchaguzi. Aliyekuuzia anachagua kwa urahisi, rafiki yako kwa sifa, wewe kwa rangi. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na kilichonishika ni zile siku saba. Usiulize unataka kuona nini ukiwa nyumbani. Uliza tumbawe linadai nini siku ambazo haupo.

Na linachodai kinategemea mfupa. Matumbawe laini hayajengi jengo la mawe. Jamii kama Sarcophyton na Sinularia zina vijiti vidogo sana vya chokaa vilivyotawanyika ndani ya nyama, na uyoga wa Discosoma na vile vimaua vyako havina hata hivyo. Havinyonyi kalsiamu wala alkali kwa kiasi cha kukusumbua, na kubadilisha maji asilimia 10 kila wiki au wiki mbili kunatosha kurudisha kilichotumika. Matumbawe yenye polipu kubwa, ambayo kwenye vibandiko utayaona yameandikwa LPS, yana mfupa, lakini yanaujenga kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, na juu yake hubeba nyama nene yenye akiba. Yenye polipu ndogo, yaani SPS, ambamo Acropora yako ilimo, hujenga mchana kutwa. Nyama yake ni utando tu juu ya jiwe, hakuna akiba ya kuvumilia siku mbaya.

Chukua tangi kama lako lililojaa Acropora zinazokua vizuri. Kula nyuzi moja ya alkali kwa siku si ajabu kwake. Ukiondoka ikiwa 8, kwa hesabu ya karatasi siku ya saba umebaki na 1. Haitafika huko, kwa sababu matumbawe yatakuwa yameacha kukua au yameshaanza kubanduka. Kuna pampu ndogo za kudondosha dawa zenyewe kwa saa, na ni vifaa vizuri, lakini pampu ya namna hiyo huaminiwa baada ya kuishi nayo miezi kadhaa ukiipima kila siku. Ikikwama ikiwa wazi wakati wewe uko mbali, utarudi kwenye vijiko vyako viwili vya chai, mara tano.

Kuna la pili linalotokea usipokuwepo, nalo husahaulika kwa sababu halihitaji kipimo kuliona. Maji yanakauka, chumvi haikauki. Lita 100 zikipoteza lita 2 kwa siku, siku saba ni lita 14, na chumvi iliyokuwa 35 kwa elfu imefika karibu 41. Samaki watavumilia. Tumbawe laini litafumba na kununa. Acropora haitakusubiri. Kwa hiyo kabla ya kununua tumbawe lolote, nunua kifaa cha kujazia maji chenyewe, kile chenye kihisio na ndoo ya maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Nasema hivi nikijua unaweza kukasirika kwamba umeuliza tumbawe nami nakuambia ndoo. Mdogo wako kazi yake itakuwa kuangalia ndoo isiishe, na hiyo anaiweza.

Baada ya hapo, kwa mtu wa safari zako na tangi lako, jibu langu ni polipu kubwa, pamoja na uyoga kidogo kivulini. Rafiki yako yuko karibu na ukweli, ingawa amefika huko kwa njia mbaya. Matumbawe laini si magugu yote. Yapo yanayostahili jina hilo, na nitakuambia nilivyojua. Nilichukua Xenia, kipande kama kidole gumba, kwa sababu polipu zake hufumba na kufumbua kama mikono inayopumua. Mwaka wa kwanza niliisifia kwa kila mgeni. Mwaka wa pili ilikuwa imepanda kioo cha nyuma, imezunguka pampu, imefunika mawe mawili, na kila niliyoing'oa iliacha kipande kikaota tena. Zile nyasi za kijani za Briareum nazo hutembea juu ya jiwe namna hiyo hiyo. Ukizitaka, ziweke kwenye jiwe lao peke yao lililozungukwa na mchanga. Sarcophyton sikukatazi, ni mpole na mvumilivu, ila likikua hutanuka kama mwavuli, na mara kwa mara hufumba siku kadhaa likivua utando kama nta. Mgeni wa tumbawe hilo hudhani linakufa na kuanza kulitia dawa. Usifanye hivyo.

Kwa kuanzia, ningechukua Duncanopsammia. Ina vichwa kama maua ya alizeti, inakula chochote kidogo unachoidondoshea, inaongeza vichwa vyenyewe, na ikikosa raha inafumba mapema, kwa hiyo inakuonya kabla mambo hayajaharibika. Tumbawe linaloonya lina thamani kubwa kwa mtu anayesafiri. Pembeni yake Caulastraea, yenye vichwa kama midomo ya tarumbeta. Hiyo inaridhika na mwanga wa wastani na haina minyiri mirefu ya kuwasumbua majirani. Hayo mawili yakae miezi miwili au mitatu bila kuongezewa mwenzao. Upitie safari mbili hivi, urudi uyakute yamefumbuka.

Hapo ndipo uingize Euphyllia, na nadhani hapo utasahau kilio chako. Ni ile yenye minyiri minene inayoyumba kama shamba kwenye upepo. Kuna ambayo ncha zake zina umbo la nyundo, kuna zenye ncha kama mayai ya chura, na kuna ile ndefu inayoitwa mwenge. Nyundo yenye ncha za zambarau ipo, na inapatikana. Chukua yenye matawi, usichukue ile iliyoungana kama ukuta. Euphyllia ina ugonjwa mmoja mbaya, utelezi wa kahawia unaoyeyusha nyama ndani ya siku moja au mbili. Kwenye matawi unakata kichwa kilichougua na kuokoa vingine. Kwenye ukuta ugonjwa unatembea kutoka mwanzo hadi mwisho. Nyundo na mayai ya chura mara nyingi hukaa pamoja bila ugomvi, lakini mwenge huwachoma wote wawili, kwa hiyo upe kona yake au uuache. Na hao samaki wako wa chungwa watataka kuigeuza Euphyllia kuwa anemone. Ikiwa kubwa haijali. Ikiwa na kichwa kimoja, wataisugua hadi igome kufumbuka. Ndiyo maana naiweka ya tatu, na ndiyo maana nakushauri ununue yenye vichwa vitatu au vinne.

Usijaribu Goniopora kwanza, hata ukiona inauzwa kila mahali. Kwa miaka mingi ilisifika kwa kuishi mwaka mmoja na kufa bila sababu ya kuonekana. Siku hizi iliyokuzwa tankini ina nafuu, lakini si ya mwanafunzi. Galaxea nayo ni nzuri, ila majirani zake hulipia. Usiku hutoa minyiri ya kuchoma inayoweza kufika sentimita 20 na zaidi, na tangi lako halina nafasi ya kuikwepa. Kwa hayo mengine acha sentimita 15 kati ya tumbawe na tumbawe, ukikumbuka kwamba yatakua. Siku moja saa sita za usiku amka uyaangalie kwa tochi nyekundu, maana ulivyoyapanga mchana na yanavyonyoosha mikono usiku ni vitu viwili tofauti.

Ile ya kuweka yote matatu. Mshika mbili moja humponyoka, nawe umeshika tatu. Tatizo halipo kwenye nafasi tu. Laini hupigana kwa kemikali. Mengi hutoa majini vitu vinavyodumaza ukuaji wa yale ya mawe, na katika lita 100 hakuna pa kukimbilia. Mkaa wa kuchujia ukibadilishwa kila mwezi hupunguza makali, na ndiyo maana nimekuruhusu uyoga. Lakini hata bila vita, mahitaji yao yanavutana. Uyoga unataka kivuli na maji yaliyotulia, mwanga wa PAR (kipimo cha mwanga ambao mwani wa tumbawe huweza kuutumia) 50 hadi 100. Polipu kubwa zinataka kama 75 hadi 150 na mkondo wa kuyumbisha, usiopiga moja kwa moja, maana nyama ikigongwa kwenye ukingo wa mfupa wake inachanika. Acropora inataka 250 na kuendelea na mkondo unaobadilika kwa nguvu. Yapo matangi yanayofanikiwa kuchanganya, mengi ni makubwa na wenye nayo hawasafiri.

Lile la jua, Tubastraea. Kweli halihitaji taa, na hapo ndipo mtego ulipo. Halihitaji taa kwa sababu halina wale mwani wa kulilisha, kwa hiyo mlishaji ni wewe. Kila polipu ipate kipande chake, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa bomba dogo, baada ya kulishawishi lifumbuke. Usipolisha, linakonda kimya kimya kwa miezi. Ukilisha ovyo, mabaki yanachafua maji ya wengine. Mdogo wako hashiki vipimo, atashika bomba?

Kuhusu rangi, neno moja. Picha za namna ile mara nyingi hupigwa chini ya taa ya buluu tupu, na kichujio cha chungwa kikiwa mbele ya kamera. Ukienda kununua, omba waiwashe nyeupe kwa dakika moja. Na likifika kwako lisiende juu. Lianze chini, wiki mbili, kisha lipande hatua kwa hatua mpaka uone linafumbuka vizuri. Acropora yako iliwekwa juu siku ya kwanza, na hilo nalo lilikuwa kosa, ila pembeni ya alkali ni dogo.

Nunua vipande vilivyokatwa kutoka matangi ya wafugaji. Tayari vimezoea taa na maji yetu, na miamba haikuguswa. Matumbawe yote magumu yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, kwa hiyo yakivuka mpaka hutakiwa kuwa na kibali. Muuzaji anayejua kipande chake kimetoka kwenye tangi gani ni wa kurudiwa. Likifika, lizamishe kwenye dawa ya kuoshea matumbawe kwa muda ulioandikwa, na ukibandue kile kitako cha saruji ulichopewa nacho, kwani dawa huua minyoo lakini mayai hubaki yamejishika hapo.

Samaki wa aina ya kipepeo usiwaingize. Wengi wao hula polipu.

Acropora sijakufungia mlango. Tangi likifikisha mwaka na nusu, kifaa cha kujazia maji kikiwa hakijawahi kukuangusha, na ukiweza kuniandikia alkali ya wiki nane mfululizo ambazo hazikutofautiana zaidi ya nyuzi moja, tia kipande kimoja cha Montipora digitata au Stylophora. Hizo ni SPS zenye kusamehe. Zikikua kwa miezi sita pamoja na safari zako, tutazungumza.

Ule mfupa wa Acropora usiutupe. Uoshe, ugundishe kwenye jiwe palepale ulipokuwa. Kalsiamu yako ni nzuri, na baada ya miezi kadhaa ule mwani mgumu wa zambarau unaopaka mawe utauvamia na kuufunika, tawi baada ya tawi.